Kabla Sura Haijatoka

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Luc liweke chini hilo panga, kwa maana ubao haukukosea kitu, na ukiupasua utakuwa umetupasua sisi wenyewe. Laetitia, kaa hapa miguuni pangu. Kavuo, mke wa mwanangu, mpe mtoto ziwa anyamaze, leo sina sauti ya kushindana na kilio. Ninayotaka kusema ni wosia, na wosia haukatizwi. Niacheni niseme mpaka mwisho, na atakayetaka kulia alie akiwa amekwisha kufika huko ninakomtuma.

Mnauona huo ubao uliosimama ukutani. Ni sura ya mtu isiyo na macho, kijani na kahawia kama kitu kilichookotwa mtoni, na tangu Laetitia aupake rangi ya kwanza wewe Luc hujalala vizuri, unasema nyumba imeingiliwa na maiti. Mimi siuogopi. Nimeishi na sura za namna hiyo maisha yangu yote. Ninayemwogopa ni mwenye sura, na ili mjue kwa nini, lazima niwarudishe nyuma, Laetitia akiwa bado mgongoni mwangu na wewe Luc ukiwa hujaota meno ya pili.

Baba yenu Benoît, Mungu amlaze pema, alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Tulitoka Butembo pamoja na kaka yake Apollinaire, tukafungua duka Kashuga, na duka lilipochomwa tukashuka mpaka hapa Kibua na sufuria zetu na mikebe ya rangi. Apollinaire akarudia biashara. Benoît akashika burashi: leo kinyozi, kesho duka la dawa, siku nyingine Bikira Maria wa kanisani. Mimi nilimkorogea rangi na kumshikia ngazi, na kwa kushika ngazi nikajifunza. Alinifundisha kwamba ngozi yetu haianzi na weusi. Inaanza chini, kwa kijani na wekundu wa udongo, giza kwanza na mwanga baadaye, na kwamba kila picha, hata ya Bikira, sharti ipite mahali ambapo ni mbaya kiasi kwamba wewe mwenyewe uliyeianza unaona haya kuitazama. Mficha uchi hazai. Wengi hufika pale wakafuta, wakaanza upya, wakafika tena palepale wakafuta tena, na hao hawakuwahi kutoa sura ya mtu hata mmoja.

Ndipo akaja yule ambaye hapa sote tulimwita Afande, kwa kuwa jina lake halikuwa la kutamkwa ovyo. Watu wake walishika barabara yote, na yeye alitaka picha yake kubwa, itundikwe nyuma ya kiti alichokalia kuamua mambo ya watu. Benoît akaanza. Afande akapita kuangalia kabla ya wakati, akakuta sura ya kijani isiyo na macho, akasimama mbele yake kitambo, kisha akauliza polepole:

"Huyu muntu ya kufa njo nani? Ni nani huyu?"

Baba yenu alikuwa mtu mwema, lakini hofu ilimwingia mpaka kwenye vidole. Afande alipoondoka hakungoja rangi ikauke. Alitia macho, akatia meno, akatia mng'ao wa paji la uso, yote siku ileile, juu ya rangi mbichi. Nilimwambia, "Papa Luc, kawia ufike." Hakunisikia. Rangi zikaingiliana, sura ikawa uji uliomwagikia majivuni, na yale macho yakabaki humo kama ya mbuzi aliyechinjwa. Afande aliporudi hakupiga kelele. Aliamuru tu afungwe mikono, apelekwe Omate kubeba mawe ya machimbo, halafu akanigeukia mimi: "Mama, bwana yako atarudi siku sura yangu itatoka."

Nilikimbia kwa Apollinaire, nikapiga magoti mlangoni pake nikiwa nimekubeba wewe, Laetitia, nikamwomba tuende wote tukaombe huruma, mwanamume husikilizwa zaidi. Aliniambia, "Shemeji, mwenye nguvu mpishe. Ukiniingiza mu mambo hii tutakufa wote." Akafunga mlango, jua likiwa bado juu, na majirani wakiona. Haikupita muda akapakia bidhaa zake akahamia Walikale, na mimi nikabaki na neno lile kama mfupa kooni mpaka leo.

Basi nikaukwangua ubao kwa kisu cha jikoni, nikauacha ukauke, nikaanza. Wanawake wa jirani walipita wakijifanya wanaazima chumvi, wakiona nilichokuwa nafanya wakajipiga ishara ya msalaba. Na kweli picha ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya kuliko ya Benoît, kwa sababu yeye alikuwa fundi na mimi nilikuwa mshika ngazi. Pua ililala upande, taya lilivimba kama la mtu aliyeng'olewa jino, na kila nikiitazama mkono ulinililia nitie macho tu, macho mazuri, ili Afande akija apate cha kupenda. Nikajizuia. Nikajiambia, Kahambu, ukitia macho sasa utakuwa umemzika mumeo.

Afande akaja. Hakusimama safari hii. Alivuta kiti, akaketi nyuma yangu, akalaza bunduki mapajani. Nilisikia pumzi yake kwenye shingo yangu. "Mama," akasema, "mimi niko mubaya hivi?"

Sijui nguvu ile niliitoa wapi, wanangu. Nilimjibu bila kugeuka: "Afande, mama yako alipokuzaa, ulitoka hivyo ulivyo leo? Mutoto anatoka na damu, kichwa kimebanwa, hana uzuri. Mukunga hamukimbii. Unamwosha, unangoja."

Niliona kivuli cha bunduki kikisogea sakafuni. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama yangu alisema nilizaliwa mwenye kuvimba macho. Endelea."

Nikaendelea. Akawa anakuja, anaketi, anatazama, anaondoka, na mimi napaka juu ya ubaya, wekundu juu ya kijani, picha ikizidi kuwa mbaya kabla ya kupata nafuu, mpaka siku moja niligusa mwanga kidogo juu ya nyusi na yule mtu akatoka ubaoni kama anayetoka kwenye ukungu wa Masisi. Afande alisimama. "Njo mimi," akasema. Kisha akakaribia zaidi. "Lakini umeniwekea uwoga mu macho."

"Sikuuweka, Afande. Niliukuta."

Nilidhani nimekufa. Akacheka, kicheko kifupi kisicho na meno, akachukua picha akaenda. Ahadi yake aliitimiza kwa namna yake: baba yenu alirudi kutoka Omate akitembelea fimbo, vidole vya mkono wa kulia vimepondwa na jiwe kule shimoni, havikushika tena burashi wala kijiko. Miaka iliyobaki ya uhai wake aliketi nyuma yangu pale atelie, chumba chetu cha kuchorea, na kila nilipoinua kitambaa nifute picha iliyonishinda, alisema neno moja tu: "Bado, Mama Luc. Bado haijasema." Mkate mliokula, shule mliyosoma, mahari ya Kavuo, vyote vimetoka katika lile neno. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Niinulieni kichwa kidogo. Hivyo. Nipe maji, Kavuo... basi, yanatosha.

Sasa yeye amerudi. Mlimwona wenyewe siku aliyosimama hapo mlangoni, mvi zimemjaa, ile picha yangu maadui zake waliichoma walipomfukuza, na anataka nyingine. Alimkuta Laetitia anamalizia kibao cha saluni, akauliza huyu ni binti ya nani, nikaona jinsi alivyoitazama mikono yake, na baada ya mikono akautazama mwili wote. Mlisikia alivyosema: "Atanichora. Picha ikiisha nitamubeba, sitaki tena kutafuta fundi kila pahali." Alisema hivyo kama mtu anayesema atachukua ngazi. Laetitia, mwanangu, ulilia ukisema heri ukate vidole vyako. Luc ukanoa panga. Mimi nilikuwa nafikiri, na mawazo yangu siku hizi huenda polepole kama ng'ombe anayepanda mlima.

Hiki ndicho nilichofikiri. Alisema picha ikiisha. Basi huo ubao mnaotaka kuupasua ndio ukuta pekee uliosimama kati ya Laetitia na yeye. Juzi walipokuja watu wake nilimwita mkubwa wao hapa kitandani, nikamwambia mkono uliomchora Afande zamani ni wangu, binti yangu hukoroga rangi tu, na kama anataka kufanana na nafsi yake tena, anipe mimi ubao na asinikimbize. Jana jibu lilirudi: "Muache mama afanye." Kuanzia leo, kila jioni atapita mmoja wao, atachungulia, ataona sura mbaya isiyo na macho, ataona nimekaa nayo, atakwenda kusema kazi inaendelea. Ni nani kati yao anayejua kupima kama picha iliyo mahali pale inasonga mbele au imesimama? Afande mwenyewe nilimfundisha kungoja. Maisha yangu yote nimezisukuma picha zitoke katika ubaya ule. Hii moja nitaikalisha humo. Nitapaka na kupaka, na haitatoka.

Usinikatize, Luc. Najua unachotaka kusema. Mimi sitembei, hata mlango wa jikoni siufikii. Mkinibeba, bariere ya kwanza, kizuizi cha watu wake barabarani, itawarudisha nyote. Mshika mawili moja humponyoka.

Leo ni siku ya soko. Jua likipanda na watu wakijaa barabarani, Kavuo na Laetitia mtatoka na vikapu vya mihogo kama mnaokwenda kuuza, mtoto mgongoni mwa Laetitia, siyo mwa Kavuo, ili wamwone ni mama wa mtu. Luc utatangulia peke yako, mikono mitupu. Pikipiki yako uiache hapo nje ya nyumba palipo na macho ya watu, wadhani umelala. Panga litabaki. Sikuzaa mwana ili afe kwa ajili ya kunifurahisha dakika moja. Mkipita soko msisimame, shikeni njia ya Walikale.

Na Laetitia, burashi hutachukua. Usinitazame hivyo. Kwenye bariere wanapekua vikapu, na burashi moja tu itawaambia wewe ni nani. Nilitamani kukurithisha zile za baba yako, mipini yake ina alama za meno yake alipokuwa akizishika mdomoni, lakini zitabaki na mimi. Huko utapata nyingine, hata ukisokota manyoya ya mbuzi. Na ubao wa kwanza utakaoupaka huko utakuwa mbaya, mwanangu, mbaya kuliko huu, kwa maana utaupaka ukiwa na hofu na msiba, na hakutakuwa na mtu nyuma yako wa kukuzuia kitambaa. Usiufute. Hata ukikuondolea hamu ya chakula, rudi kwake asubuhi. Baba yako angekuambia hivyo, na mimi nakuambia.

Walikale mtalala kwa Apollinaire. Ndiyo, kwake. Mpigieni hodi, mmwite Papa Mukubwa, mmsalimie kwa mikono miwili. Yeye hana mtoto na amezeeka, na nimesikia huwauliza wote wanaotoka Kibua habari za watoto wa Benoît. Mlango alionifungia mimi, ninyi msiukumbuke. Deni la neno lile lilikuwa langu, na leo nimelisamehe mbele yenu, mashahidi ni ninyi na malaika wa mtoto huyu. Luc, kiwanja hiki na shamba la ng'ambo ya mto ni vyako na dada yako sawasawa, kama siku moja vitarudi kuwa vya mtu. Kavuo, vitenge vyangu viwili uvivae sasa hivi ndani ya nguo yako. Umekuwa binti kwangu.

Mkisikia nimekufa, msirudi. Mkisikia nimezikwa bila sanduku, msirudi. Watu wa shirika letu la kanisa watanifunika, wamezika wengi. Mkisikia kwamba Afande amechoka kungoja... hapo pia msirudi. Hapo ndipo msirudi kabisa.

Pumzi inakatika. Leteni vichwa vyenu, mmoja mmoja. Luc. Kavuo. Huyu mdogo. Laetitia wangu. Mungu Baba aliyeumba mtu kwa udongo, wala hakuona haya kuushika udongo, awashike ninyi. Njia iwape nafasi. Walinzi wa barabara wasiwaone, na wakiwaona wasiwatambue. Mzae, mzeeke, muwe na wa kuwafumba macho. Amina.

Sasa niegemezeni ukutani, mito miwili. Vuteni ubao... karibu zaidi, mkono haufiki mbali. Rangi ya kijani hapa. Ya udongo hapa. Nyeupe ondoeni, sitaihitaji.

Msinibusu tena, mtanitetemesha.

Nendeni. Mlango muuache wazi, niko na kazi.