Kamera Iliyopasuliwa Tumbo

Kwenye barabara ya Rughenda, mjini Butembo, pale malori yanayotoka Kirumba yanapopunguza mwendo kabla ya mteremko, kuna benchi la mbao za mikaratusi. Phinées mseremala alilitengeneza kwa mikono yake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwondoa kwenye ncha yake ya kulia. Nyuma ya benchi hukaa Jokébed na birika lake la kahawa. Ilikuwa miaka ile ya vita vya pili, Kinshasa ikiwa na wakubwa wake na Butembo na wa kwake, na hao wa kwake wakinyang'anyana ofisi kila kukicha. Kila mkubwa mpya alitaka raia wachukue kadi mpya, na kila kadi ilidai picha mpya. Watu wa benchi hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa hilo moja: mwenye kamera hawezi kulala njaa.

Phinées alikuwa na sababu ya kuliwaza jambo hilo kuliko wenzake. Dada yake mdogo, Victoire, alikuwa anaolewa Jumamosi na kuhamia Beni. Alijifunza kupiga picha kwa fundi mmoja ambaye alikimbilia Kampala na kamera yake, akamwachia wateja na mikono mitupu. Phinées alitaka bibi harusi aende Beni na kazi yake mkononi, asiende kuombaomba sabuni kwa mume. Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya vitanda alivyouza, haikutosha kununua hata mkanda wa kamera mpya. Na zawadi ilikuwa siri, kwa hiyo mtu pekee mjini aliyeweza kumshauri ndiye asiyeweza kuulizwa.

Akauliza benchi.

Asubuhi ile kamera ilikuwa juu ya goti lake, nyeusi, kuukuu, pembe zimechubuka hadi chuma. Mama mmoja aitwaye Élise, aliyekimbia kutoka Kirumba, alikuwa amemwachia jana yake aijaribu kwanza, kama ilivyo desturi ya soko la kule.

— Hii apareyi iko ya origine? akauliza Ésaïe.

Ésaïe aliuza vipuri vya pikipiki. Walimwita Pièce d'Origine, yaani kipuri halisi, kwa sababu katika kibanda chake hicho ndicho kitu kilichokosekana.

— Ilikuwa ya bwana ya Mama Élise, akasema Phinées. Alikuwa anapigaka photo ku soko ya Kirumba. Balimuua. Mama anauza bei ya chini juu ya kamukono ka kurudisha pellicule kuvunjika.

— Pellicule ni nini? akauliza Jokébed.

— Ni filimu ya ndani. Ile haiuzi. Aliniambia: apareyi kamata, mais pellicule ni ya kwangu, juu mutoto wangu Shalom iko mule. Katoto kalikufa na homa mu njia, batu bakikimbia. Hana photo yake ingine. Nilimuahidi nitaimurudishia mu mukono yake.

Jokébed akammiminia kikombe bila kudai pesa. Mathe ndiye aliyeurudisha mjadala njiani. Yeye walimwita Météo, kwa kuwa alitabiri mvua kila siku na mara nyingine ikanyesha.

— Shida ni baridi, akasema. Kirumba kuko baridi, hapa kuko baridi, sawa. Mais Victoire anaenda Beni. Kule joto. Hii apareyi itafika kule, jicho yake itatoa machozi. Photo zote zitaonekana kama batu banalia.

— Beni banalia kweli, akasema Jokébed.

— Hapana, shida haiko baridi, akasema Ésaïe. Apareyi inazoeaka sura. Hii ilizoea batu ya Kirumba. Ukipiga mutu ya Beni, itamutafutia pua ya Kirumba. Donc kwanza unaipumzisha. Unaifunga mu kitambaa, isione mutu hata mumoja, isahau.

— Siku ngapi?

— Hiyo inategemea pua.

Ndege ndogo ikapita juu yao ikishuka kwenye uwanja. Wote wakainamisha vichwa, kwa mazoea tu. Ésaïe aliifuata kwa macho.

— Munaona ile? Mule ndani kuko apareyi kubwa, inapiga photo ya mabati ya nyumba zetu. Ikipita juu ya apareyi ndogo, zinasalimiana. Ukinunua hii, Phinées, bakubwa banajua unakala wapi.

— Banajua tayari, akasema Phinées. Nilibatengenezea meza.

Hapo Mathe akasema lile ambalo wote walikuwa wanalingoja.

— Mulishafungua tumbo?

Ilikuwa sheria ya benchi, na ilitokana na Mathe mwenyewe. Mwaka uliotangulia alinunua redio Beni, nzuri, nzito. Alipofika nyumbani aliifungua akakuta kipande cha sabuni ya kufulia kimewekwa ndani kuongeza uzito. Aliifulia shati sabuni ile, lakini hakusamehe. Tangu siku hiyo hakuna kitu kilicholipiwa pale benchini kabla ya kupasuliwa tumbo mbele ya mashahidi: redio, taa, kufuli, hata godoro. Phinées aliipenda sheria hiyo. Ilikuwa imemwokoa mara nyingi, na pesa hii hakuwa na nyingine nyuma yake.

Akafuta vidole kwenye suruali, akakibonyeza kitufe, mgongo wa kamera ukafunguka. Ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka na jua lilikuwa linaangaza benchi lote.

— Hakuna sabuni, akasema Mathe, kama mtu aliyepunjwa.

Filimu ilikuwa imejikunja ndani. Phinées aliivuta polepole, akiishika kingo tu, asije akaikwaruza. Alikuwa mtu mwangalifu. Alipomaliza, Ésaïe aliinyoosha juu, akaitazama kwa jicho moja.

— Hamuna mutu humu.

— Angalia muzuri.

— Naangalia. Rangi ya matope tu. Ule mama banamudanganya, ao bwana yake alisahau kupiga.

Phinées akaichukua, akatazama mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Alitafuta uso wa mtoto, hata kivuli chake, akaona kahawia tupu. Akamhurumia mama yule.

— Iko baridi ndiyo inafanya, akasema Mathe. Photo zinafichama ndani. Anika ku jua, zitapanda.

Kwa mara ya kwanza mwaka ule, Ésaïe alikubaliana naye. Wakaisogeza kahawa, wakaianika filimu juu ya benchi kwa urefu wake wote, mawe madogo huku na huku isipeperuke. Jokébed aliwafukuza kuku. Phinées aliilinda asubuhi nzima, akiipulizia vumbi kila lori lilipopita. Picha hazikupanda. Mwishowe aliikunja vizuri, akaifunga ndani ya leso safi, na alipoifunga aliona moyoni kwamba ametimiza ahadi, walau upande wake.

Mama Élise alifika wakati Jokébed anamimina vikombe vya mwisho. Alikuwa mwanamke mrefu, kitenge chake kimefuliwa mpaka maua yamepotea. Phinées aliinuka akampa pesa. Kisha akampa leso kwa mikono miwili.

— Pellicule yako, mama. Kama nilivyosema.

— Wasingya, papa, akashukuru.

Akafungua ncha ya leso, akaona filimu imekunjwa kama utepe. Akaitazama kwa muda.

— Muliitosha mu tumbo ya apareyi.

— Tuliitosha muzuri, mama. Hata vumbi haikuigusa.

— Miye ningeshindwa, akasema. Juu ya kale kamukono kuvunjika, ilikuwa kazi. Bwana yangu akitaka kuitosha alikuwa anafunga mulango, anaziba dirisha na magunia, anaingia chini ya blanketi. Saa sita ya muchana, mutu muzima, chini ya blanketi. Nilikuwa namuchekelea. Anatoka na jasho, hasemi kitu.

Alitabasamu kidogo, kisha akamtazama Phinées, halafu wengine, mmoja mmoja.

— Sikumuulizaka. Bapapa, nyinyi munajuaka mambo. Alikuwa anafanyaka vile juu ya nini?

Lori la Kirumba likapita. Mathe alitazama mawingu, na hayakuwapo. Ésaïe, ambaye alijua kamera zinasalimiana vipi, alikigeuza kikombe chake mkononi akaangalia ndani. Jokébed aliinua birika, akalitikisa, halikutoa sauti. Phinées alitazama mbao za benchi, pale mawe madogo yalipokuwa bado yamepangwa kwa safu mbili kwenye jua, na aibu ikampanda toka miguuni. Kamera ya Victoire ilikuwa inamsubiri, imelipiwa.

— Hamujui? akasema Mama Élise kwa upole.

 Phinées alivua kofia yake, akaifunika leso ile mikononi mwa mama, jua lisiipige.