Asiniwekee Chakula

Kijiwe kiko kati ya kibanda cha fundi viatu na ukuta wa banda la video: benchi moja na kreti mbili za soda zilizopinduliwa. Asubuhi ile ubishi ulianza kabla kahawa haijamiminwa. Filamu ya Kisu Butu, waliyokua wakiitazama, imetengenezwa upya na studio ileile, kwa waigizaji wapya, na kipande cha matangazo kimeshaingia kwenye simu za watu. Mdogo wake Kisu Butu, yule shujaa, anachomwa kisu, anaanguka, anakufa kimya. Hasemi tena, "Mwambie mama asiniwekee chakula." Maneno hayo mtaani yameandikwa nyuma ya mikokoteni, na watu huagana nayo wakienda safari. Domo alikaa pembeni akipuliza kikombe chake. Yeye ndiye anayewasemea waigizaji kwa Kiswahili pale bandani, kipaza sauti mkononi, maana lugha yao hakuna aijuaye. Mwenye banda alishamwambia: Jumamosi filamu mpya isipojaza watu, banda linageuka ghala la saruji, na yeye atafute kazi.

Na wenzake walikuwa wanapanga kugoma.

— Hatuingii, alisema Katiba, fundi viatu, ambaye hata bei ya soli huitangaza kama sheria. Kifungu cha kwanza: hatuingii. Kifungu cha pili: atakayeingia hatumsalimii.

— Jamani, filamu haihukumiwi kwa kipande, alisema Domo.

— Wewe nyamaza, una maslahi, alisema Katiba.

— Hapa ni kubana matumizi tu, alisema Chaja, fundi simu. Ukimtaja mama, watu watataka kumwona. Akionekana, alipwe. Wamemfuta mama mzima mzima!

— Ndiyo maana wahenga walisema damu nzito kuliko maji, Katiba akadakia. Hujaona? Filamu mpya mvua mwanzo mwisho!

— Hapo methali imeingiaje? aliuliza Chaja.

— Imeingia yenyewe. Usiizuie.

Muuza kahawa aliweka birika chini.

— Mnawaonea. Hiyo mpya haikuandikwa na mtu, imeandikwa na kompyuta. Sasa kompyuta nani aiwekee chakula?

— Kweli bwana, alisema Chaja. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kompyuta haina mama, ulimwengu haiujui. Inafunzwa na umeme.

— Umeme wenyewe unakatika! alisema muuza kahawa.

— Ndiyo maana maneno yamekatika.

Walicheka, Domo naye akacheka kidogo. Katiba hakucheka.

— Nyinyi mnatania. Kule studio kuna mtu, utotoni alichelewa kurudi nyumbani, akakuta sufuria imeshaoshwa. Sasa kapata cheo, analipiza kisasi kwetu. Mimi baba yangu tulipomfukia, niliambiwa niseme neno. Nikasema hayohayo ya mama. Sikuwa na mengine. Leo mtu ananifutia?

Hapo Domo akaweka kikombe chini. Katika ile filamu ya zamani, yule kijana anayekufa hasemi kitu. Picha inakaa usoni kwake, muziki unanyamaza, na siku ile banda lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Domo, kijana bado, kipaza sauti mkononi, hakuweza kuuvumilia ule ukimya. Yakamtoka mdomoni maneno aliyokuwa akimtumia mama yake kila alipojua atachelewa. Watu wakalia. Jumamosi iliyofuata wakayadai tena. Tangu hapo yakawa ya filamu.

Angesema sasa hivi, mgomo ungekufa palepale. Lakini Katiba angejua alimzika baba yake kwa maneno ya nani.

Mwanamke mmoja, fundi cherehani aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amesimama mguu mmoja peku, akingoja kiatu chake.

— Samahanini, kaka zangu. Ile ya zamani nimeiangalia kwenye simu nikishona, kwa sauti yake yenyewe. Yule kijana anakufa kafumba mdomo. Hayo ya mama aliyasema saa ngapi?

Nyundo ya Katiba ilibaki hewani. Chaja akamtazama Domo. Muuza kahawa naye akamtazama Domo.

— Kafumba mdomo? Katiba aliuliza, na hakumuuliza mwanamke.

— Kafumba, alisema Domo.

Katiba akapigilia msumari, akakigeuza kiatu, akapigilia mwingine.

— Jumamosi utayasema?

— Mkija.

— Utayasema vilevile? Usiongeze kitu.

— Vilevile.

— Tutakuja.

— Na kifungu cha kwanza? aliuliza Chaja.

— Kimefanyiwa marekebisho.

Katiba akamkabidhi mwanamke kiatu chake, kisha akainyoosha nyundo juu ya mapaa ya nyumba, kuelekea huko mbali iliko studio.

— Ila hao wasidhani tumewasamehe!

— Kwa kosa lipi, kaka? aliuliza mwanamke, akiinama kuvaa.

Katiba akamtazama Chaja. Chaja akamtazama muuza kahawa. Muuza kahawa akalitikisa birika, akasema kahawa imekwisha.