Oddlaug Myklevik na Orodha ya Kuosha Vyombo

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Oddlaug Myklevik, katibu wa Taasisi ya Historia ya Pwani hapa Bergen, anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi. Hiyo idadi ya miaka imepatikana kwa taabu. Mkataba wake unasema alianza Agosti 1988. Muhtasari wa kikao cha Machi mwaka huohuo una sahihi yake. Na Sigbjørn Bratthus, profesa aliyestaafu zamani lakini anakuja ofisini kila siku kana kwamba hakuna aliyemwarifu, anaapa alimwona akigawa kahawa tangu vuli ya 1987. Tulibishana dakika arobaini, watu watatu wenye shahada za uzamivu, mlango ukiwa wazi. Oddlaug akapita na bunda la karatasi kifuani.

"Thelathini na saba," akasema. "Andikeni hivyo, mwende mkale."

Alitujia kutoka Askvoll, kwenye ofisi ya kiwanda cha samaki. Inasemekana kwenye usaili aliulizwa kama anaipenda historia, akajibu kwamba hana neno nayo, ilimradi ikae kwenye faili. Alikuta wanahistoria kumi na mmoja, birika moja, na utaratibu ambao mtu akisafiri mwezi mzima hakuna aliyejua mpaka barua zake zidondoke sakafuni. Nafasi za kazi, ruzuku na makongamano vilifika kwa posta na kufia mezani kwa yeyote aliyefungua bahasha kwanza, ambaye kwa kawaida ndiye hakuvihitaji.

Ndipo akaanzisha Barua ya Alhamisi. Ilikuwa karatasi moja ya njano, kila tangazo na mistari yake miwili, na aliibandika kwenye milango ya vyoo kwa upande wa ndani, mahali pekee, alisema, ambapo mwanahistoria anasoma bila kubisha. Siku hizi inatumwa kwa barua pepe kwa watu mia sita katika nchi tisa, na wengi wao, nina hakika, wanaifungulia palepale. Kinachowavuta ni maelezo yake chini ya kila tangazo. "Kongamano, siku tatu, Tartu. Nauli ni juu yako. Supu nzuri." "Nafasi ya kudumu. Sifa kumi na nne zinazotakiwa, na kuanzia ya tisa wanamwelezea mtu wanayemjua. Omba hata hivyo, walizoee jina lako." Mkurugenzi mmoja aliwahi kumwomba aache maoni. Wiki iliyofuata barua ilitoka bila maoni, na hakuna aliyeomba kitu chochote. Mkurugenzi akamwomba arudishe.

Alisoma pia rasimu za maombi yetu, ingawa si kazi yake. Yangu ya kwanza aliirudisha na neno moja kwa penseli: "Lini?" Nilikuwa nimeandika kurasa sita juu ya utafiti niliotaka kufanya bila kutaja karne.

Lakini kilichomfanya Oddlaug awe Oddlaug ni semina ya vuli. Kila Septemba tunapanda kwenye nyumba ya mbao milimani, juu ya Voss, watu ishirini na kitu, siku tatu, maji ya kuchota kijitoni na mvua ya bure. Kazi zote ni msaragambo. Ijumaa Oddlaug anabandika mlangoni orodha ya kuosha vyombo, watu wawili wawili, kwa majina ya kwanza tu kama tunavyoitana hapa wote, maprofesa na wanafunzi. Orodha haibadilishwi. Mwaka mmoja mgeni wa heshima kutoka Kopenhagen aliuliza kwa upole kama naye yumo. Alikuwemo. Alipewa masinia.

Kwenye yale mabeseni kumezaliwa miradi mitatu ya utafiti, kitabu kimoja cha pamoja, ndoa mbili, na talaka moja ambayo wahusika wote wawili wanaisifu. Sisi kwa kazi yetu hatuamini kwamba jambo linaweza kutokea tu. Tulikuwa na hakika kuwa orodha ina mpango. Wengine walisema anapanga kwa ugomvi, wengine kwa karne, ili mtu wa zama za kati akutane na mtu wa vita baridi wajue maana ya kuchoshwa. Mwenzetu mmoja aliandika makala ya kurasa kumi na moja juu ya mantiki ya orodha hiyo, yenye michoro miwili. Haijachapishwa, lakini imenukuliwa.

Na sote tulitaja ushahidi uleule, wa mwaka 2009. Hapa inanibidi nijitaje mwenyewe, na naomba radhi.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, na mkataba wa muda wa nne, unaokwisha Desemba. Nilikuwa na tasnifu ya kurasa 412 juu ya mapipa ya samaki wa chumvi, iliyosomwa na watu saba, watatu wao kwa kulazimika. Shemeji yangu Kjartan ana biashara ya madirisha kule Haugesund, na alikuwa ameshaniagizia koti lenye jina la kampuni, saizi yangu. Sikuwa na uadui na madirisha. Ila nilijua kwamba nikilivaa koti lile, sitarudi kwenye mapipa.

Alhamisi moja ya Agosti ruzuku ikatangazwa, ya historia ya biashara ya pwani. Chini yake Oddlaug aliandika: "Hii ni ya Håvard. Wengine mnaweza kuangalia, msiguse." Sharti lilikuwa sahihi za maprofesa wawili, mmoja wa nyaraka za biashara na mmoja wa takwimu za watu. Katika jengo letu walikuwepo wawili hasa, Sigbjørn na Gudveig Holmefjell, na walikuwa hawajasemezana tangu mwaka 1998.

Chanzo ni mapitio ya kitabu. Sigbjørn alitoa kitabu kilichomchukua miaka kumi na miwili. Gudveig akakihakiki kwa aya tatu, na sifa pekee iliyokuwemo ilikuwa hii: "Ramani ni nzuri." Sigbjørn akajibu baada ya miaka miwili, katika tanbihi ya kumi na nne ya makala yake: "Kwa maoni tofauti ona Holmefjell, ingawa si lazima." Tangu hapo, wakikutana kwenye korido, mmoja alikumbuka kitu alichokisahau ofisini.

Niliwaendea mmoja mmoja.

"Kijana wangu, nitasaini popote," Sigbjørn akaniambia, "ila si karatasi yenye sahihi ya yule."

"Nitasaini," akasema Gudveig, "lakini yeye asiwe juu yangu."

"Na akiwa chini yako?"

"Wala chini."

Maombi yalifungwa Jumatatu saa sita mchana. Tulipanda mlimani Ijumaa, karatasi nikiwa nazo kwenye begi, hazina sahihi hata moja. Mlangoni orodha ilisema: chakula cha mchana Jumamosi, sufuria kubwa, Sigbjørn na Gudveig.

Chakula cha Jumamosi ni uji mzito wa malai, na mwaka huo ulishika chini. Ukoko ulikuwa na unene wa kidole. Sigbjørn alimfuata Oddlaug jikoni.

"Oddlaug, kuna kosa kwenye orodha."

"Lipi?"

"Umeniweka na Gudveig."

"Basi hakuna kosa. Dodoki liko nyuma ya ndoo."

"Unajua mgongo wangu ulivyo."

"Gudveig atainama. Wewe sugua."

"Mwache akapumzike," akasema Gudveig, ambaye alikwisha kujifunga aproni. "Amezoea, yeye anaanza, wengine wanamalizia."

Sigbjørn akakunja mikono ya shati. Sisi wengine tulikaa chumba cha pili, kila mtu na kitabu wazi mapajani, na hakuna aliyegeuza ukurasa. Ukuta ni wa mbao. Kwa robo saa tulisikia dodoki tu.

"Unasugua kama unavyoandika," akasema Gudveig hatimaye. "Unazunguka pembeni, katikati huingii."

"Na wewe unasuuza kama unavyosoma vitabu vya watu. Unatazama picha."

Dodoki likasimama.

"Sikukimaliza," Gudveig akasema.

"Nini?"

"Kitabu chako. Walinipa wiki mbili, na mama alikuwa amelazwa. Niliishia ukurasa wa tisini. Ramani ndizo nilizopitia zote."

"Tisini," akasema Sigbjørn, polepole. "Umefika mbali. Mke wangu aliishia kwenye shukrani."

"Miaka kumi na moja nakukwepa, naogopa utaniuliza habari za sura ya sita."

"Sura ya sita ni mbovu. Nisingekuuliza." Dodoki likaanza tena, kisha likasita. "Mimi chako nilisoma faharasa. Nilikuwa natafuta jina langu."

"Ulikuwemo?"

"Mara mbili."

Oddlaug akatokeza kichwa chumbani kwetu. "Håvard, vijiko havijikaushi. Njoo, na begi lako uje nalo."

Walisaini juu ya mfuniko wa sufuria, kwa sababu meza ilikuwa imelowa. Sahihi ziko bega kwa bega, na hakuna iliyo juu ya mwenzake. Jumatatu saa tano na nusu karatasi zilifika zilikotakiwa kufika.

Tulinyimwa. Waamuzi walisema mada ni finyu. Kuanzia Januari nililivaa koti la Haugesund, na kwa kweli linazuia mvua vizuri. Lakini Sigbjørn na Gudveig walikuwa wamekwisha kupatana, na watu wawili wa namna ile wakipatana wanahitaji adui mwingine. Wakamvamia mkurugenzi wa wakati ule. Walimwandikia barua tatu kwa wiki moja, zote na tanbihi, kuuliza kwa nini mtu wa mapipa anauza madirisha. Aprili nilipewa nusu nafasi ili mkurugenzi apate usingizi. Baada ya miaka miwili ikawa nzima. Nipo mpaka leo, kama mnavyoona, na bado naandika juu ya mapipa.

Basi nilipoombwa kuandika wasifu huu, nikaona ni nafasi ya mwisho ya kupata siri ya orodha kutoka kwa mwenyewe. Nilimkuta akimwaga droo zake kwenye sanduku.

"Mpango gani?" akaniuliza. "Nilikuwa nafuata herufi za majina ya ukoo. Wa kwanza na wa pili, wa tatu na wa nne. Mlangoni nikaandika majina ya kwanza, basi. Au mlitaka nikae nafikiria sahani?"

Haikuwa rahisi kuwapa wenzangu habari hii. Mwenye michoro miwili alifanyia kazi nyumbani siku mbili.

Hata hivyo sisi ni watu wa nyaraka, na ushahidi wa mdomo hautushibishi. Oddlaug hatupi karatasi. Nilishuka ghorofa ya chini, nikakuta faili iliyoandikwa "Vyombo", na ndani yake nakala thelathini na saba zilizopigwa chapa na majina kamili. Nilikaa nazo asubuhi nzima. Anasema kweli. Mwaka baada ya mwaka ni herufi tupu, safi, bila hata nukta ya kalamu. Ndoa ya Olderbakk na Opedal ililetwa na herufi O. Miradi, kitabu, hata ile talaka, yote ni kazi ya alfabeti, na sisi tuliotunga nadharia ndio tuliokuwa tumesimama kwenye foleni ya majina kwenye kila usaili wa maisha yetu bila kuitambua.

Isipokuwa karatasi moja. Mwaka 2009 orodha ilipigwa chapa kama kawaida, Bratthus na Børve, Holmefjell na Hustad. Kisha Børve amekatwa kwa wino wa kijani na kupelekwa kwenye kuni. Hustad amekatwa na kupelekwa kwenye maji. Mshale unatoka kwa Holmefjell, unapanda ukurasa mzima, mpaka kwa Bratthus, yaani Gudveig kwa Sigbjørn. Na pembeni, kwa mwandiko tunaoujua sote kutoka kwenye rasimu zetu, kuna maneno machache: "Håvard. Jumatatu, saa sita."

Niliirudisha faili mahali pake. Sikumwuliza, kwa sababu angesema ni herufi.

Nafasi yake, tumearifiwa, itachukuliwa na mfumo wa kompyuta utakaotuma matangazo wenyewe. Nimeujaribu. Umenitumia nafasi ya daktari wa meno.

Oddlaug, ulisema hutaki hotuba, na usomapo haya utasema ukurasa mmoja ungetosha. Asante kwa Alhamisi zote, kwa supu ya Tartu, kwa kila "Lini?" uliyotuandikia. Mimi kwa upande wangu nakushukuru kwa ule mshale. Uende salama Askvoll, mashua isivuje, magoti yatulie, uamke saa unayotaka na usisome tangazo la mtu yeyote. Wewe na mumeo Arnfinn mkae pamoja miaka mingi yenye afya, na vyombo, kwa kufuata herufi, vianze na Arnfinn.

Håvard Tveitnes
kwa niaba ya wote walio kwenye orodha