Mzee Kabla Anaweka Spana Chini

Tarehe thelathini mwezi huu fundi mkuu wa karakana yetu anastaafu, baada ya kuyahudumia magari ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Madereva humwita Mzee Kabla, na jina hilo amelipata kihalali, kwa sababu sentensi zake nyingi huanza hivyo: kabla hujasafiri, kabla halijachemka, kabla haujakatika. Mimi ni mtunza stoo ya vipuri, na dirisha langu linatazamana na meza yake ya kazi. Kamati ya kumuaga imeniomba niandike machache.

Alianza kwa kuosha magari. Karakana wakati huo ilikuwa paa la bati nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, na harufu ya sabuni ilichanganyika na ya oili, kama ilivyo hadi leo. Akawa msaidizi, akawa fundi, akawa mkuu. Shimo la kukagulia magari kwa chini alilisimamia yeye, na ubao ukutani unaoonyesha kila gari limetembea kilomita ngapi aliupaka rangi kwa mkono wake.

Jambo lililomtambulisha zaidi ni mkanda wa taimingi. Kwa wasiojua, huu ni mkanda wa mpira wenye meno, uliofichwa ndani ya kifuniko mbele ya injini. Ndio unaofanya valvu na pistoni zipishane bila kugongana. Ukikatika gari likiwa mwendoni, vyuma hugongana, na injini iliyokuwa nzima dakika moja iliyopita huwa imekwisha.

Kabla ya kuufungua mkanda huo, Mzee Kabla huweka alama nyekundu kwenye magurudumu yake ya meno, kwa rangi ya kucha. Mwanzoni ilimletea taabu nyumbani. Mkewe alikuta kichupa mfukoni mwa ovaroli, akasikiliza maelezo, hakuridhika, akaja mwenyewe karakana akiwa amejifunga kanga vizuri kwa mapambano. Alioneshwa injini iliyofunguliwa, ikiwa na nukta nyekundu. Aliinama akaitazama kwa muda, kisha akasema rangi ile ni ya bei rahisi, inabanduka. Tangu hapo yeye ndiye anayemnunulia.

Akimaliza kufunga mkanda mpya, huizungusha injini kwa mkono, taratibu, hadi alama zirudi mahali pake, ndipo inawashwa. Mkanda wa zamani humkabidhi dereva wa gari hilo aukunje na kuuangalia mwenyewe. Hajawahi kuutupa dereva akiwa hajaushika.

Hata yeye yalimkuta. Siku moja mkanda wa gari lake mwenyewe ulikatika mbele ya geti la hospitali, asubuhi, watu wote wakiingia kazini. Aliyemvuta kwa kamba hadi karakana ni marehemu mume wangu, aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa. Mzee Kabla alipoufungua ule mkanda, mume wangu aliuchukua, akaupangusa, akamkabidhi kwa mikono miwili, akimwomba aukunje na kuuangalia. Mzee Kabla aliukunja. Kicheko chake kilisikika hadi wodini.

Mwaka jana, kati ya magari yetu mawili ya wagonjwa, moja lilikuwa limelala likisubiri giaboksi. La pili lilikuwa likikimbia vizuri, ila ubao ulionyesha mkanda wake umefikia mwisho wa kilomita zake. Ofisa usafirishaji aliomba lisubiri hadi lile jingine litoke, na hakuwa na kosa, maana hospitali ingebaki bila gari siku nzima. Mume wangu, aliyeliendesha, alisema kwa utani kuwa mzee ananyoa ndevu ambazo bado hazijaota. Mzee Kabla alisubiri wamalize, akasema:

"Breki hupiga kelele, betri hukohoa asubuhi. Huu hausemi kitu. Afadhali gari lilale hapa tukijua, kuliko lilale njiani na mtu ndani."

Ofisa alifikiri, akapiga simu mwenyewe kuazima gari la hospitali jirani. Kazi iliisha jioni. Mume wangu alikabidhiwa mkanda wa zamani, akaukunja, na katikati ya meno zikafunguka nyufa kama za kisigino kikavu. Utani uliishia hapo. Aliuleta nyumbani, akautundika.

Wiki chache baadaye alianguka sebuleni akishika kifua. Dereva mwenzake ndiye aliyekuja kutuchukua, kwa gari lile lile. Barabara ya kutoka kwetu ina mlima mrefu, nasi tulikuwa wengi ndani: yeye, muuguzi, shemeji yangu na mimi. Gari lilipanda bila kusita. Nilikuwa nimemshika mkono, akasema polepole, "Sikia linavyovuta."

Hakupona. Lakini alifika, akalazwa, na binti yetu akawahi kusafiri kutoka mbali. Waliongea mchana mzima, na kuna wakati niliwasikia wakicheka.

Mzee Kabla alikuja msibani, akasaidia kupanga viti, akakaa hadi watu wakapungua. Habari ya mkanda hakuigusa, wala hajaigusa hadi leo.

Karakana anamwachia msaidizi wake, pamoja na kichupa cha rangi ya kucha kilichobaki nusu. Uongozi, madereva na sisi wa stoo tunamshukuru kwa magari yote yaliyorudi salama getini.

Mzee Kabla, hujawahi kuniuliza, kwa hiyo nakwambia hapa. Ule mkanda bado upo kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Wajukuu huukunja wakaona nyufa, nami huwaeleza ni kitu gani. Asante kwa kutousubiri ukatike. Nenda ukapumzike na mama, mle chakula kikiwa bado cha moto, na gari lako ulikumbuke mapema. Sisi huku tutazungusha kwa mkono kabla ya kuwasha.