Boksi Lenye Msalaba Ndani

BABU LADISLAUS: Haloo? Haloo, nani huyo anaongea?

OTTILIA: Mimi, Babu. Ottilia. Shikamoo.

BABU LADISLAUS: Marahaba, mke wangu. Ngoja nipande kichuguu, hapa chini sauti inakwenda inaru— [mkwaruzo] —haya, nipo juu. Huko Dodoma mnakula?

OTTILIA: Tunakula. Babu, Cuthbert alifika?

BABU LADISLAUS: Kahawa mwaka huu imechanua mapema, yaani ungeona—

OTTILIA: Babu. Jumapili washenga wake wanatoka Chiwanda, huko ziwani, kuja kwako kuniposa. Utawakubalia au utawarudisha?

BABU LADISLAUS: Wewe kwanza nieleze hicho Kichina. Mama yako anasema umefeli.

OTTILIA: Sijafeli. Mwalimu kanikatalia neno moja tu. Neno la shamba. Unachora boksi, ndani unatia msalaba, basi.

BABU LADISLAUS: Hata mimi naweza.

OTTILIA: Si ndiyo nikachora. Likatoka zuri kabisa. Yeye kapiga kosa.

BABU LADISLAUS: Kisa?

OTTILIA: Eti nimefunga boksi lote kwanza, msalaba baadaye. Wenyewe chini wanaacha wazi, wanatia msalaba, ndipo wanafunga na mstari wa chini.

BABU LADISLAUS: Sasa likishaisha linatofautiana?

OTTILIA: Wala.

BABU LADISLAUS: Amejuaje?

OTTILIA: Alisimama nyuma yangu, anaangalia mkono.

BABU LADISLAUS: Huo uonevu. Mtu kakuletea kazi imekamilika, wewe unamuuliza umeanzia wapi? Mwambie babu yangu wa Mkumbi kasema—

OTTILIA: Nimwambie hivyo hivyo?

BABU LADISLAUS: Hivyo hivyo.

OTTILIA: Sawa. Na ngoro za Cuthbert?

BABU LADISLAUS: Haloo? Mtandao huu jamani—

OTTILIA: Mtandao upo. Mama kaniambia. Ulimpa mteremko alime ngoro, achimbe mashimo ya kuzuia udongo usishuke, halafu ukamfukuza shambani.

BABU LADISLAUS: Sikumfukuza. Nilimwambia aweke jembe chini.

OTTILIA: Zilikuwa mbaya?

BABU LADISLAUS: Nzuri. Mashimo yamepangana, matuta yamenyooka. Ukipita njiani unasema huyu Mmatengo wa kuzaliwa.

OTTILIA: Kumbe?

BABU LADISLAUS: Kumbe kachimba mashimo kwanza. Nyasi kaja kuziweka baadaye, juu juu, akazipaka udongo kama anasiriba ukuta. Nyasi unatandika kwanza, mraba kwa mraba, ndipo unachimba katikati unazifukia. Watu wa ziwani bwana. Wamezoea ukikosea unavuta wavu, unatupa tena.

OTTILIA: Lakini zikishaisha zinatofautiana?

BABU LADISLAUS: Hazito— we mtoto.

OTTILIA: Mtu kaleta kazi imekamilika, unamuuliza kaanzia—

BABU LADISLAUS: Simuulizi mimi, mvua ndiyo itamuuliza. Ikipiga ule mteremko udongo wote unashuka kwa Ephrasia, jirani anapata shamba langu bure.

OTTILIA: [anacheka] Na mwalimu ndivyo alivyosema. Ukija kuandika haraka, neno linasambaratika.

BABU LADISLAUS: Basi mwalimu wako ana akili. Usimwambie kitu.

OTTILIA: Sasa hivi ulisema uonevu.

BABU LADISLAUS: Nilikuwa sijaelewa. Futa, andika upya.

OTTILIA: Nimeshaandika ukurasa mzima, vidole vimekufa ganzi. Babu, au Cuthbert humtaki kwa sababu ni Mwanglikana?

BABU LADISLAUS: Hayo ya padri, mimi na— [mkwaruzo] —mashamba tu.

OTTILIA: Vocha inaisha. Niambie mara moja. Kama humtaki, niwaambie wazee wake wasije kuaibika.

BABU LADISLAUS: Yuko hapa chini anachimba.

OTTILIA: Nani?

BABU LADISLAUS: Si huyo mume mwenzangu. Tangu jana. Kafumua mteremko wote, anatandika nyasi upya. Mgongo unamuuma, hasemi. Namwonyesha, anakosea, namwonyesha tena.

OTTILIA: Unamtesa, Babu.

BABU LADISLAUS: Wewe na kusoma kwako kote. Ningekuwa simtaki, si ningemsifia akaenda zake?

OTTILIA: [anaweka kalamu chini]

BABU LADISLAUS: Haloo? Imekata?

OTTILIA: Nipo. Babu... mpe simu niongee naye.

BABU LADISLAUS: Hapana. Ana udongo mikononi, na ule mstari wa mwisho bado haja—

[Simu inakatika.]