Murugi wa Wamae, Aliyekataa Kutengeneza Ufunguo wa Pili

Marehemu Murugi Wamae alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1986, katika kijiji kilicho juu kidogo ya Kiriaini, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Wamae na Mama Wakonyo. Kaka yake, Dedan, alikuwa amemtangulia kuzaliwa. Akapewa jina la nyanya yake mzaa baba. Maana ya jina hilo ni mpishi, na wote waliowahi kuonja githeri yake wanajua kwamba jina na mwenyewe hawakuwahi kusikizana.

Alisoma shule ya msingi kijijini hadi 1999, kisha akajiunga na sekondari ya bweni mjini Nyeri, alikomaliza mwaka wa 2003. Akiwa kidato cha pili alimuuliza mwalimu wa hesabu kwa nini kanuni aliyoiandika ubaoni ilikuwa kweli.

"Kwa sababu iko kwa kitabu," mwalimu akasema.

"Na kitabu iliambiwa na nani, mwalimu?"

Kwa swali hilo aliadhibiwa kufyeka nyasi za uwanja wiki nzima. Mama Wakonyo alipoitwa shuleni, alisikiliza mashtaka yote kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa, alijibiwa?" Hapo ndipo watu walipojua mtoto alikotoa tabia. Mwaka wa 2009 Murugi alihitimu chuo kikuu jijini Nairobi, akiwa na shahada ya hisabati na kompyuta, akarudi Nyeri kufanya kazi ya kuandika programu.

Wapendwa, Murugi alikuwa na nyumba nyingine ambayo wengi wenu hamkuwahi kuiona. Iliitwa Ukumbi wa Namba, na ilikuwa mtandaoni. Humo waandishi wa programu kutoka pande zote za nchi walikutana kila siku kubishana kuhusu hesabu, kuhusu programu, na zaidi ya yote kuhusu ufundi wa kufunga maneno, yaani kuuchanganya ujumbe hata asiweze kuusoma mtu mwingine ila yule aliyeandikiwa. Humo alijiita Mpishi. Kwa miaka miwili wenzake walidhani ni mwanamume, tena mzee, tena mwenye hasira.

Mwaka wa 2014 Ukumbi uligawanyika juu ya swali moja: je, ujumbe uliofungwa uwe na ufunguo wa pili, uwekwe kwa mtu mwaminifu, kwa ajili ya dharura? Kijana mmoja wa Sagana, jina lake Ngatia, alisema ndiyo.

"Mpishi, hata nyumba huwa na ufunguo wa akiba. Unampatia mtu unayemwamini."

"Mwaminifu hadi lini? Hadi akosane na bibi yake? Hadi astaafu? Mlango haujui ni nani ameshika ufunguo, Ngatia. Unafunguka tu."

Walibishana wiki tano. Mwishowe Ngatia akaandika mbele ya wote: "Nimeshindwa. Sasa niambie, wewe hula samaki?" Walikula samaki Sagana Jumamosi iliyofuata, naye Ngatia akagundua kwamba mzee mwenye hasira alikuwa msichana mwenye pengo la meno na kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto.

Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 2016. Kabla ya hapo, katika sherehe ya ruracio, yaani ya kupeleka mahari, kama kawaida yetu, wasichana walifunikwa leso gubigubi, bwana harusi akatakiwa amtambue wake. Alikuwa amemwomba Murugi ishara mapema, akanyimwa. "Hiyo ni kuiba mtihani," akaambiwa. Basi Ngatia akasimama mbele ya leso zote akasema: "Chukua kumi na saba mara tatu. Toa kumi na moja, toa tena, mpaka ushindwe. Kile imebaki, nigongee na mguu." Leso zote zikatulia, ila moja ikagonga mara saba. Shangazi wakapiga kelele. "Ati hesabu? Ametucheza huyu! Mtoto wa wenyewe si mtihani!" Alitozwa kreti mbili za soda, akalipa akicheka.

Mungu hakuwajalia watoto. Tunalisema wazi, kwa sababu Murugi mwenyewe hakulinong'ona.

Mwaka wa 2017 kliniki moja ya binafsi ilimwajiri aandike programu ya kina mama waliokuwa wakitafuta mtoto. Huko waliulizana mambo ambayo hawangeweza kuyataja nyumbani, wala kanisani, wala kwenye kituo cha majani chai. Murugi aliifunga hivi: ufunguo wa kila mama ulikaa ndani ya simu yake mwenyewe. Kliniki ilihifadhi ujumbe bila kuweza kuusoma. Mwezi wa Novemba 2019 meneja akamtaka aongeze ufunguo wa pili. Alipouliza ni wa nini, akajibiwa kwamba ni wa dharura.

"Ni dharura gani hiyo inataka kusoma barua za watu?"

"Murugi, wewe ni mwajiriwa."

"Najua. Na hao kina mama si wangu wala si wako."

Alipeleka jambo hilo Ukumbini, na wengi wakamwambia aongeze tu, alinde mshahara. Akawajibu mmoja baada ya mwingine. Ndipo mmoja wao, alipoishiwa na hoja, akaandika: "Unawatetea kwa sababu wewe mwenyewe ni tasa." Ngatia aliinuka kitini, akitaka kujibu. Murugi akamshika mkono. "Wacha. Huyu bado hajajibu swali." Kisha akaandika:

"Ni kweli. Na ziko namba zinaitwa tasa, zile hazigawanyiki kwa nyingine yoyote ila moja na zenyewe. Ni hizo zinafunga barua zako, na benki yako, na huu upuzi wako pia. Asante kwa sifa. Sasa rudi kwa swali."

Alifutwa kazi Februari 2020. Toka hapo alifanya kazi nyumbani Sagana, akiandikia kampuni za nje, hadi mwili ulipokataa.

Maumivu ya tumbo yalianza Agosti 2023, ikagunduliwa kuwa ni saratani ya mfuko wa mayai. Alifanyiwa upasuaji Nyeri, akatibiwa Nairobi, akawabishia madaktari wote kwa upendo. Mwezi wa Aprili mwaka huu meneja yule alimtembelea akiwa na matunda.

"Mama, ungetuachia ule ufunguo kabla hujaenda."

"Nikienda wapi?" Meneja akamnyooshea yale matunda. "Matunda weka hapo," Murugi akasema. "Ufunguo sikuwahi kuwa nao."

Alituacha Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika wa Ngatia.

Ameacha mume wake, Ngatia. Mama yake, Wakonyo. Ndugu zake, Dedan na Muriithi. Na wana Ukumbi wa Namba, walioketi upande wa kushoto wa hema, ambao wengi wanaonana leo kwa macho na tayari wameshaanza kubishana. Yumo hata yule aliyemtukana. Amekuja, na tumempa kiti.

Wako pia kina mama waliokuja peke yao. Hatuwajui kwa majina, na hakuna wa familia hii atakayewauliza.

Tangu Jumatano iliyopita, Mama Wakonyo amepigiwa simu mara kadhaa, akiambiwa apekue vitu vya bintiye. Waliopiga wako hapa, na tunawakaribisha chakula. Lakini wasikie mbele ya kaburi hili: hakuna kitu cha kupekua. Binti yetu aliufunga ule mlango akiwa upande wa nje, pamoja na sisi na nyinyi. Aliyeandika ndiye anayefungua, na hao hatuwataji.

Lala, Murugi. Aliye na swali atuulize sisi.