Daktari Subiri Anatuachia Foleni

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, daktari wa kliniki yetu ya kumbukumbu za wazee anastaafu rasmi. Idara ya utawala imezipokea habari hizi kwa majonzi makubwa, ndiyo maana ombi lake lilikubaliwa siku ileile.

Alianza kazi akiwa na nywele nyingi na haraka kidogo. Nywele zilimwacha, na haraka nayo haikukaa. Wenzake walikuwa wakikaribia kumaliza wagonjwa kufikia chai ya saa nne, yeye saa nne ilimkuta na mgonjwa wa pili, kamwekea kikombe mbele na kumtazama tu. Hapo ndipo tulipompa jina la Daktari Subiri, kwa mapenzi ya dhati ya watu wanaochelewa kurudi nyumbani.

Chanzo cha yote kilikuwa neno moja: sijui. Mzee akiulizwa leo ni siku gani akajibu sijui, sisi wengine tuliandika sifuri tukasonga mbele. Yeye aliweka kalamu chini. Alishikilia kwamba sonona, ile huzuni nzito inayomkalia mtu isibanduke, huufanya ubongo wa mzee usuesue, hata akaonekana amesahau kumbe hana nguvu ya kulitafuta jibu. Basi alimimina chai, akanyamaza, kisha akauliza tena. Tulimuunga mkono kwa miayo.

Mafanikio ya kliniki, hata hivyo, hayakumngoja. Mwaka mmoja alama za wazee zilipanda ghafla, mkurugenzi akatununulia keki. Kumbe maneno matano tunayowapa wayakumbuke hayakuwahi kubadilishwa tangu kliniki ifunguliwe, na waliotoka ndani walikuwa wakiwanong'oneza walioko kwenye benchi la nje: kijiko, ngazi, limau, paka, daraja. Bibi mmoja aliyataja yote kabla hajaamkiwa. Keki yenyewe ilikuwa tamu.

Benchi hilo ndilo lililomwokoa fundi cherehani mmoja, mzee aliyefiwa na mkewe. Wanawe walimleta wakiwa wameshafunga kibanda chake na kuficha ufunguo. Walichotaka kwetu ni uthibitisho tu kwamba ana ugonjwa wa kusahau, ili cherehani iondolewe na yeye apelekwe kwenye makao ya wazee. Kila swali alijibu sijui. Binti yake akatuuliza tunangoja nini tena, baba si ameshakwisha?

Daktari akagoma kusaini. Alikuwa amewaona wazee wa benchini wakimnong'oneza fundi yale maneno, na fundi akigeuza uso ukutani. Wazee wengi wanaosahau, alisema, huona aibu na kushukuru wakipewa jibu, lakini huyu hata kuibia jibu hataki: amekata tamaa, hajasahau. Hoja hiyo haimo kitabuni, alikiri mwenyewe, ndiyo maana akampima upya, kikombe baada ya kikombe, huku foleni ikimlaani. Ilikuwa sonona. Fundi alipewa dawa na mazungumzo ya kila wiki, na wanawe wakaamriwa warudishe ufunguo. Ilichukua miezi. Wepesi wake haukurudi wote, na hadi leo huutafuta utepe wa kupimia huku umemning'inia shingoni. Lakini koti atakalovaa daktari siku ya sherehe kalishona yeye, na mikono yote miwili inalingana.

Wiki iliyopita kamati ya sherehe ilimuuliza daktari atafanya nini akistaafu. Akajibu: sijui. Katibu akaandika kwamba atapumzika na familia, akasonga mbele. Familia ipi, hakuuliza. Mkewe alifariki mwaka juzi na watoto wako mbali. Mimi, muuguzi wake, nilimimina chai, nikaketi, nikanyamaza. Ilipoa. Nikauliza tena. Ndipo aliposema kwamba anaiogopa ile nyumba asubuhi, kwa kuwa haina mtu wa yeye kumsubiri.

Daktari wetu, asante kwa kutuchelewesha miaka yote hii. Kila Jumatano, siku ya kliniki, benchi la nje lina nafasi yako, na fundi ameahidi kukushikia. Maneno matano tumeshayabadilisha, kwa hiyo usitegemee kunong'onezwa. Tunakutakia mapumziko ya heri, na siku ukituambia hujui, chai ipo. Tutasubiri.